Namna ya Kuhamia Kampala Bila Kuuza Kibanja

Kwanza kabisa, kibanja kiache mahali kilipo. Vijana wengi wa Masaka, Mityana na Luweero huuza kipande cha babu pamoja na migomba yake, wakanunua pikipiki, wakaja kujipanga kwenye steji ya boda boda pale Wandegeya, ambako wenzao wamejipanga tangu alfajiri. Pikipiki haizai ndizi. Baada ya miaka michache imekuwa chuma chakavu, na ardhi ina mwenyewe mwingine. Ukihitaji mtaji, uza mahindi, uza mbuzi, kopa kwa shangazi.

Chumba kitafute msimu wa mvua. Vyumba vya bei nafuu viko mabondeni, na mabondeni ndiko maji ya vilima yanakoshukia. Dalali akikupeleka Bwaise, msikilize kwa sikio moja, macho yaelekeze ukutani: alama ya matope itakueleza mafuriko yalifika wapi. Tazama na mlangoni. Mwenye nyumba aliyejenga kiukuta cha matofali mbele ya kizingiti ameshakujibu. Ukiridhika, andaa kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo.

Salamu za kijijini, za kuulizia watoto, ng'ombe na mvua, huwezi kumpa kila mtu wa Kampala. Utafika kazini jioni. Lakini majirani wa safu yako ya vyumba waamkie wote, kila asubuhi. Ukiugua usiku, hao ndio watakaokufikisha hospitali ya Mulago.

Jifunze Kiganda cha teksi, kile kibasi cheupe cha abiria 14. Kushuka hakutaki kugonga bati. Sema, “Mu maaso awo waliwo asigalawo,” kondakta atajua kuna abiria anayebaki hapo mbele.

Kabla hujafunga mzigo, fikiria pia miji midogo. Hadi 2020 Uganda ilikuwa na jiji moja tu. Julai mwaka huo Masaka, Mbarara, Gulu, Jinja na mingine ikapandishwa hadhi kuwa majiji. Masaka utakwenda kazini kwa miguu, na Jumamosi utapalilia shamba lako. Mwenye duka anamjua baba yako, kwa hiyo atakukopesha sukari, na deni lako litafika kwa mama kabla yako. Mimi naona hiyo ni bei ndogo.

Anayedhani shamba ni mambo ya wazee akumbuke Machi 2020, usafiri wa umma uliposimamishwa kwa sababu ya korona. Aprili serikali ikaanza kugawa chakula Kampala na Wakiso: kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa kila mtu. Watu wazima wenye kazi zao walikaa vibarazani wakisubiri posho, huku matoke yakiwaivia kwao na njia ya kuyafikia imefungwa.

Desemba nenda nyumbani. Nauli hupanda Krismasi ikikaribia, basi safiri mapema. Beba mkate, sabuni na sukari. Ukiulizwa kazi yako, sema kweli, hata kama unauza soksi soko la Owino. Mdogo wako anasikiliza, na ataamua kwa maneno yako kama naye aje. Kisha ingia shambani na anayekupogolea migomba, hesabuni pamoja mikungu, umlipe kabla ya kupanda basi la kurudi.