Leseni Haiendeshi Gari

Mfyuu! Jana asubuhi kahawa ilinipalia hapa kijiweni kwetu Tandika. Kijana mmoja wa mtaa huu huu alikuja anachekelea, eti amepata kishoka. Hela ameshatoa, na jina lake litapita kwenye mtihani wa udereva bila yeye kukanyaga uwanjani. Usukani wenyewe hajawahi kuugusa. Mnajua baraza lilifanya nini? Likampongeza! Wengine wakaomba namba ya huyo kishoka. Nikasonya mpaka muuza kahawa akageuka.

Jamani, tunampongeza mtu kwa lipi? Mimi nimeendesha malori miaka 24. Nimeshuka Kitonga na mzigo usiku, mvua inanyesha. Pale mlimani hakuna anayekuuliza leseni. Pale unaulizwa kama ulipunguza gia mapema ukaiacha injini ilishike gari, au uliteremka na gia huru ukiegemea breki mpaka zikapata moto zikakataa. Jibu la swali hilo kishoka hana, wala haliuzwi.

Sasa mtazameni binti wa mama yetu wa vitumbua. Alikwenda chuo cha udereva, leseni ya kujifunzia mkononi, gari lina kibao cha L mbele na nyuma. Siku ya kwanza lilimzimikia mara tano hata geti hajalipita. Alipofika kwenye mtihani akafeli: akirudi rivasi katikati ya nguzo, akaangusha moja. Alirudi nyumbani macho mekundu. Na ni sisi hawa hawa tuliomwambia, "Toa kitu kidogo, mdogo wetu, usijitese." Mama yake akaweka chini upawa wa vitumbua akatujibu: "Nimlipie mwanangu akaue mwana wa mwenzangu?" Baraza likanyamaza kimya.

Binti akarudi mazoezini. Siku moja nilipita pale wanapofundishiwa, nikasimama kutazama. Mwalimu alisimamisha gari kwenye mwinuko, akavuta hendibreki, akashuka akaweka kibiriti nyuma ya tairi. "Ondoka, na kibiriti nikikute kizima." Vibiriti viwili vikapondwa. Mara ya tatu, binti alivuta pumzi, akakanyaga klachi, akaweka gia ya kwanza, akagusa mafuta kidogo, kisha akaanza kuachia klachi polepole. Mlio wa injini ukawa mzito, pua ya gari ikainuka kidogo tu. Akatulia hapo, akatazama kioo, ndipo akashusha hendibreki. Gari likapanda mlima bila kurudi hata kidole. Mwalimu akaokota kibiriti, akakitikisa njiti zikalia.

Nataka mnielewe hapo. Kwenye foleni ya mlimani, nyuma ya tairi lako hakukai kibiriti. Anakaa bodaboda amempakia mama, na mama ana mtoto mgongoni.

Wanaouliza siri ya kufaulu, siri ni hiyo hiyo: fanya mpaka mguu ujue wenyewe. Kabla hujaingia, lizunguke gari, tazama tairi na chini ya uvungu. Kaa, rekebisha kiti na vioo, funga mkanda. Indiketa iwake kabla hujaanza kukata kona, si ukiwa katikati yake. Mtu akikanyaga zebra, simama kabisa, usimvizie. Gari likikuzimikia mbele ya trafiki anayekupima, usipaparike: vuta hendibreki, rudisha gia huru, washa, anza upya. Mtahini akiona umetulia anajua hata barabarani utatulia. Na alama za barabarani zijue kwa maana yake, si kwa kukariri rangi.

Sheria inasema kwenye makazi ya watu mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Watu wanaona ni mwendo wa konokono. Haya, pigeni hesabu: kwa mwendo huo gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja tu kuona mtoto anafuata mpira, mita 14 zimeshakwenda na breki hujaigusa bado. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hao ni watoto wetu wa shule, na ni vijana tunaokaa nao hapa kijiweni.

Binti alirudi kwenye mtihani wiki iliyopita. Alipita katikati ya nguzo, hakuna iliyotikisika. Akapanda mwinuko, akashuka, akaegesha. Amefaulu. Alipopita hapa hakuna aliyempigia makofi, kwa kuwa habari yake haina ujanja ndani yake. Hilo ndilo linaloniuma.

Kijana wetu, nilikwambia jana na narudia mbele ya wazee: kamdai huyo kishoka hela yako, ukaandikishe jina chuoni. Na sisi wa barazani tubadilike. Mtu akija kujisifu kwamba amenunua leseni, tumsonye. Akija aliyefeli, akajifunza, akarudi, huyo tumpishe kwenye benchi. Kahawa na kashata ya yule binti leo nalipa mimi.