Herufi Nusu, Hela Nzima

Hapa Kyimo, Rungwe, tunasikia Kijapani kila asubuhi. Ukiwasha Noah iliyotoka Japani, kuna mama ndani ya dashibodi anayelalamika kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Barabara yetu ya Uyole kwenda Kasumulu hailipiwi, lakini nani atamwambia?

Katika lalamiko lake mna silabi “nyu”, na hapo ndipo nilipoanza kudadisi hiragana, herufi za Kijapani. Ukiandika に (ni) na や (ya) kwa ukubwa sawa, unasoma “niya”. Ya ikiandikwa ndogo, ゃ, inajibana na mwenzake: “nya”. Si urembo huo. “Byouin” ni hospitali. Yo yake ikikua inakuwa “biyouin”, saluni, na mgonjwa wako anapelekwa kusukwa. Ipo pia tsu ndogo, っ, isiyotamkwa kabisa: unakata pumzi tu. “Kite” ni njoo, “kitte” ni stempu.

Kwa Mnyakyusa wa huku kwetu hii ni neema. Aliyekua akiwaita kina Mwakyusa hafundishwi kubana ulimi, na jina la kabila lenyewe lina herufi ndogo mbili: にゃきゅさ. Ndilo jirani yangu mwenye Noah alilotaka kwenye kioo cha nyuma. Nikaliandika kwenye karatasi, tukampelekea fundi wa kuchora mabango.

“Mwalimu, hizi mbili mbona zimedumaa?”

“Ndivyo zilivyo.”

“Gari likikimbia nani ataziona? Watu watasema rangi iliniishia.”

Mvua ikashuka, ile ya Rungwe isiyopiga hodi, nikakimbilia kibanda cha mama wa ndizi. Kurudi, nikakuta herufi tano zimesimama mstari mmoja, kimo kimoja, nyekundu zenye kivuli cheupe: にやきゆさ. Niyakiyusa. Kabila jipya.

Kumtetea fundi, Wajapani wenyewe kabla ya mageuzi ya tahajia ya 1946 waliziandika herufi hizi ndogo kwa kawaida kubwa vilevile, msomaji ajijue. Na hata mwongozo wa mwaka huo ulisema tu ziandikwe ndogo kadiri iwezekanavyo. Kwa fundi wetu haikuwezekana.

Kasheshe ikawa kwenye malipo, maana walipatana bei kwa herufi. Jirani akatamka polepole: “Nya-kyu-sa. Tatu.” Fundi akapitisha kidole kwenye kioo, akahesabu tano, tena kwa sauti ili konda na abiria wawili waliokuwa wakisubiri wasikie. Wote wakanigeukia mimi, bingwa wa Kijapani wa Kyimo nzima.

Nikawaeleza kwamba kwa Wajapani ya ndogo haihesabiwi peke yake. Inahesabiwa pamoja na herufi iliyoitangulia. Jirani akaanza kuzirudisha noti mbili mfukoni.

“Ndaga, mwalimu,” fundi akashukuru, mkono ameukinga. “Ndiyo maana mimi sikuziandika ndogo.”