Barua ya Wazi kwa Spika: Ombi la Mwamuzi wa Nne

Mheshimiwa Spika,
Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUPATIWA MWAMUZI WA NNE NDANI YA UKUMBI WA BUNGE

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka anayeutamani ubunge awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe amependekezwa na chama cha siasa. Sauti haikutajwa popote. Huo ni upungufu mkubwa, maana ipo shule moja inayotoa wanasiasa waliokwisha iva ambayo serikali haijawahi kuikagua wala kuipa ruzuku: kibanda cha kutangazia mpira.

Mtangazaji wa mpira redioni hana picha ya kumsaidia. Ana kipaza sauti, karatasi ya majina ya wachezaji iliyokunjwa mara nne, na wasikilizaji wasio na njia ya kumbishia. Shuti limepaa mita sita juu ya mwamba, yeye anasema limetoka nje kidogo tu ya lango, na huko kijijini baraza zima linashika vichwa. Mchezo ukipooza, yeye hapoi. Atawasalimia walioketi jukwaa kuu, atalisifu wingu linalotoka upande wa baharini, atakumbusha nani alifunga bao gani katika mechi ambayo nusu ya wasikilizaji walikuwa hawajazaliwa. Kosa lisilosameheka ni kunyamaza. Aliyefuzu hapo, kuchangia bajeti ya wizara kwa dakika kumi bila kuitaja hata tarakimu moja ya bajeti hiyo kwake ni mazoezi mepesi ya asubuhi.

Mfano uko kwenye kumbukumbu za Bunge lenyewe. Juma Nkamia alijulikana kwanza kwa sauti, akitangaza michezo kwenye redio ya taifa. Mwaka 2010 akaingia bungeni kwa tiketi ya CCM kutoka Kondoa Kusini, na mwaka 2015 akarudi, safari hii kutoka Chemba. Katikati ya hapo, Januari 2014, Rais Kikwete alimteua kuwa Naibu Waziri wa Habari, Vijana, Utamaduni na Michezo. Mtu aliyekuwa akilalamika hewani kuhusu ubovu wa uwanja akawa ndiye anayelalamikiwa. Wachache wamepewa nafasi ya kuhama kutoka kibandani hadi benchi la ufundi bila kupita uwanjani.

Kisha ukaja mwaka 2016, na kichekesho ambacho hakuna mtunzi angethubutu kukibuni. Mwezi Januari serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena mijadala ya Bunge moja kwa moja. Gharama, ilielezwa, zilifika shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Wananchi wakaandaliwa muhtasari wa usiku, "Leo katika Bunge", uliorekodiwa na kukatwakatwa vizuri. Mtangazaji wa mpira akajikuta amekaa ndani ya mechi isiyotangazwa. Mashabiki waliolizoea goli lenye kelele zake wakawa wanapelekewa matokeo baada ya chakula cha jioni.

Pengine ukimya huo ndio uliomchosha. Septemba 2017 Mheshimiwa Nkamia alitoa taarifa kwamba anakusudia kuwasilisha muswada binafsi wa kubadili Katiba, ili muhula wa uongozi utoke miaka 5 uwe miaka 7. Gharama za uchaguzi zikawa miongoni mwa sababu zilizosikika. Gharama tena! Demokrasia ya Tanzania ina bahati mbaya na wahasibu.

Hapa, Mheshimiwa Spika, ndipo mwandishi wa barua hii, msikilizaji wa kizazi kilichokuwa kikianika betri juani ili zifike dakika ya 90, alipozima redio na kuchukua kalamu na karatasi. Ukiipeleka hesabu ya miaka 7 kwa 5 uwanjani, dakika 90 zinakuwa 126. Fainali iliyokwenda hadi dakika 30 za nyongeza huishia 120. Mechi ya Mheshimiwa ingekuwa bado inachezwa wakati huo, wachezaji wameshikwa na misuli, watazamaji wanatafuta daladala, na ubao wa matokeo uko vilevile. Tena dakika za nyongeza huja baada ya sare, na dakika za majeruhi huja kwa sababu kuna mtu alilala chini. Mwaka 2017 hakuna aliyekuwa amelala chini. Mechi ilikuwa haijafika hata mapumziko.

Wafaransa, ambao hawajulikani kwa ubahili, walipiga kura ya maoni mwaka 2000 kuupunguza muhula wa rais wao kutoka miaka 7 hadi 5. Kwa hiyo njiani tungepishana nao.

Isidhaniwe kwamba ugonjwa huu ni wa Dodoma peke yake. Miaka ya 1930 kijana mmoja wa redio ya WHO, mjini Des Moines huko Iowa, alikuwa akitangaza mechi za besiboli za Chicago Cubs bila kuziona. Mechi ilichezwa mamia ya kilomita kutoka studio. Yeye aliletewa vipande vya maneno kwa telegrafu, na kila kipande alikivisha nyama, jasho na vumbi. Siku moja, kama alivyopenda kusimulia mwenyewe, telegrafu ilikata mawasiliano mechi ikiwa inakaribia kuisha. Hakukiri. Alimfanya mpigaji, Billy Jurges, aupige mpira nje ya mstari, kisha tena, kisha tena, karibu dakika saba nzima, hadi waya ulipopona. Kijana huyo ni Ronald Reagan. Alikuwa gavana wa California kuanzia 1967, na rais wa Marekani kuanzia 1981 hadi 1989. Na alipokaribia ukomo wa mihula yake miwili, naye alianza kusema hadharani kwamba ukomo huo ufutwe. Si kwa ajili yake, alisema, bali kwa watakaofuata.

Watangazaji wawili, mabara mawili, ombi moja. Yeyote aliyewahi kujaza ukimya wa dakika saba hewani na kupongezwa kwa hilo atauona muda kama kitu kinachovutika.

Lakini hapo ndipo shule ya kibandani inapomwangusha mwanafunzi wake. Kanuni ya 7 ya mpira wa miguu inamwachia mwamuzi peke yake kuhesabu muda uliopotea. Mchezaji haruhusiwi kujiongezea, na kwa hoja ile ya miaka 7 mbunge alikuwa mchezaji, kwa kuwa na kiti chake kingenufaika. Filimbi ililia Januari 2018: Rais Magufuli, kupitia kwa Humphrey Polepole wa CCM, aliwataka watu waupuuze mjadala huo. Hoja haikufika mezani. Mwaka 2020 Chemba ikapata mbunge mwingine, baada ya miaka mitano kamili, bila hata dakika moja ya majeruhi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Spika, Bunge linaombwa liajiri mwamuzi wa nne. Asimame karibu na Siwa, akiwa na ubao wa umeme kama ule wa Uwanja wa Mkapa. Mbunge yeyote atakayetaka kumwongezea mtu muda, wakiwemo watakaosema wanatania tu, aitwe kwanza mbele aandike kwenye ubao idadi ya siku anazoziomba. Ubao una nafasi ya tarakimu mbili. Miaka miwili ina siku 730.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msikilizaji.

Nakala: Katibu wa Bunge, kwa utekelezaji.
Wasikilizaji wa Chemba, kwa taarifa, betri zikishapata moto.