Kuku Wanaingilia Wapi?

Leeds, Uingereza

Kwa Mama, Baba Mdogo, Bibi na wote mtakaokaa barazani kuisikiliza barua hii. Asome mdogo wangu, asome polepole, na akifika penye habari za pesa asiruke.

Shikamooni. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Sentensi hiyo nilifundishwa na Bibi, na ingawa sasa nalipiwa ada kubwa nijifunze kujieleza, sijapata nyingine inayoizidi.

Bibi ataulizia upepo. Upo. Ule wa kwetu unavuka ziwa Singidani, unakujaza vumbi mdomoni, kisha unaendelea na safari zake. Wa huku umelowa na hauna safari. Unakaa na wewe.

Sasa kuhusu masomo. Najua Mama kanisani huwaambia watu kwamba nasoma "mambo ya usanifu", ili wafikirie maghorofa. Simlaumu. Mtu akisema mwanawe ni msanii, nusu ya wasikilizaji wanadhani anaimba, na nusu nyingine wanashika mifuko yao. Lakini nasoma sanaa, Mama, ile ya kutengeneza vitu kwa mikono. Kila mwanafunzi amepewa kona yake kwenye chumba kikubwa chenye baridi. Jirani yangu wa kona ameweka ndoo ya maji ya mvua, na kila siku huikaribia, huitazama, huandika kitu kwenye daftari, huondoka. Wiki ya tatu sasa. Nilipomuuliza kama paa linavuja, hakunisemesha siku mbili.

Kila Alhamisi tuna kitu wanachokiita kriti. Ni uhakiki, ila msifikirie ule wa Kidato cha Nne wa dhamira na wahusika. Fikirini kikao cha posa. Binti ni kazi yako, wajumbe kumi na wawili wameizunguka, na wewe mzazi umekaa pembeni, huruhusiwi kusema hata "ehe" mpaka wamalize. Na hakuna anayetamka kwamba kitu ni kibaya! Ilinichukua miezi miwili kuielewa lugha yao. Mtu akisema kazi yako "inavutia", hajapata la kusema na basi lake linakaribia. Akisema "najiuliza ingekuwaje ingekuwa kubwa zaidi", maana yake ilivyo sasa haina faida. Akisema "una ujasiri", nenda kalale.

Nakumbuka nilipochora vichwa vya mitindo ya nywele kwenye ukuta wa kinyozi pale Misuna, Singida. Rangi haijakauka, mwendesha bodaboda akapita akasema, "Huyu wa katikati kichwa kama kiazi." Hakushuka hata kwenye pikipiki. Nikatazama, kweli kiazi. Kufikia magharibi nilikuwa nimekirekebisha, na kesho yake kuna kijana alinyolewa hivyo hivyo. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuchora wanyama juu ya hadibodi kwa rangi ya kung'aa kama ya kupakia baiskeli, aliziuza picha zake Oyster Bay, Dar es Salaam. Kriti yake ilikuwa mpita njia: ama kanunua, ama kapita. Mwalimu mmoja hapa, aliposikia natoka Tanzania, macho yalimng'aa, akasubiri twiga wa madoadoa. Anasubiri mpaka leo.

Badala ya twiga, muhula huu nilisuka tenga la kuku.

Baba Mdogo, hapa ndipo unapohusika. Nilitaka tenga kama yale yako yanayopandishwa juu ya magari pale stendi kwenda Dar, kuku wametoa vichwa kwenye fito wakiutazama mji kama abiria waliolipa nauli. Kuku wa Singida ana jina Dar es Salaam kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu, na nilidhani amestahili kufika jumba la sanaa. Fito nilipata za mti unaoitwa willow, unaoota kando ya mito. Zinauzwa mafungu mafungu kama mchicha. Bei sitaitaja, Baba Mdogo ana presha. Za kufungia, fundi baiskeli alinipa tyubu zilizotoboka, bure. Akauliza za nini. Nikamwambia ni za tenga la kuku. Akasema, "Inavutia."

Nilisuka wiki tatu, bila picha, kwa kumbukumbu tu. Vidole vilichanika. Usiku nilisikia kabisa ile harufu ya manyoya na pumba, na zile kelele za saa kumi alfajiri ukiwa unaita majina ya magari. Nilipomaliza nililizunguka nikaona ni lenyewe.

Alhamisi wakaja wajumbe. Dada mmoja akasema ni gereza. Mwingine akasema ni mwili wa mhamiaji. Kijana wa ndoo akasema linamkumbusha maji. Wakaenda hivyo dakika arobaini, nami nimefunga mdomo. Kisha mwalimu, mama mtu mzima mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani, akapiga goti. Akapitisha mkono juu, chini, pembeni. Akanyanyuka taratibu akasema kwa sauti ya msibani, "Halina mlango. Hakuna kuingia, wala hakuna kutoka."

Chumba kizima kikanyamaza kama wakati wa sala.

Nami nililitazama. Haki ya Mungu sikuwa nimeona. Kumbukumbu ilileta harufu, ilileta kelele, ilileta hata ule mpindo wa chini unaokaa vizuri juu ya keria, mlango ikauacha Singida. Zamu yangu ya kusema ikafika, wote wananitazama, wengine wameshika kalamu. Nikakohoa. "Ndiyo," nikasema, "nilikuwa nauhoji mlango."

Mama, pale ndipo nilipokuwa msanii kwa ile maana ya mtaani.

Jioni nikampigia Baba Mdogo kwa video, mnakumbuka, mlikuwa mmejaa wote kwenye kioo. Akaangalia muda mrefu. Akasema, "Zuri. Umekaza vizuri. Kuku wanaingilia wapi?" Nikamwambia halina mlango, na kwamba hiyo ndiyo maana yake. Akasema, "Maana yake wafe?" Kisha mtandao ukakata, nami nikashukuru.

Wiki iliyofuata darasa lilipelekwa Yorkshire Sculpture Park, shamba kubwa la sanamu karibu na Wakefield, lililofunguliwa mwaka 1977. Huko kuna kazi za Henry Moore, mtoto wa mchimba makaa ya mawe kutoka Castleford, jirani tu hapo, aliyepata kusoma sanaa hapa hapa Leeds. Ni shaba kubwa zilizolala kwenye majani, na ukiziona kwa mbali utaapa uko ufukweni mwa ziwa Kindai, maana ni yale mawe yetu yaliyopangana, ila yake yana matundu na kwenye yetu hulipi maegesho. Tulielezwa kwamba tundu lina umbo lake na uzito wake kama shaba yenyewe. Wakati tunaandika hayo, kondoo alikuja akajikuna mgongo kwenye sanamu, akahamia upande wa pili akamalizia, akaondoka. Kondoo wameachwa wale majani humo humo. Nilimwonea wivu. Alikuwa na haja, na kile kitu kilimfaa.

Sasa habari za maonyesho na pesa. Mdogo wangu, soma hapa. Kila kazi inawekewa karatasi ya maelezo ukutani. Yangu, kwa Kiswahili, ingesomeka: "Kazi hii inahoji mipaka kati ya ndani na nje." Nilijaribu kuisoma hivyo kwa sauti, peke yangu, nikaona aibu. Waliochora kwa rangi nyekundu kwenye mapango ya Kolo, kule Kondoa, hawakubandika karatasi, na watu bado wanakwenda kuangalia. Bei niliandika paundi mia mbili, kwa kuwa mwenye ndoo aliandika mia nne.

Wageni walikuja, wakainamisha vichwa upande mmoja, wakasoma karatasi muda mrefu kuliko walivyolitazama tenga. Divai ilikuwa ya bure. Saa mbili usiku akaingia mzee mwenye buti za matope, babu ya mmoja wa wanafunzi. Hakusoma karatasi. Alilishika tenga, akalitikisa, akasikiliza linavyolia, akaniangalia. Huko kwake anafuga kuku na njiwa wa mashindano. "Umefunga vizuri, binti," akasema. "Wanatokea wapi?"

Baba Mdogo, nilitaka kumkumbatia. Tulikaa chini kwenye sakafu ya jumba la sanaa, mimi na yeye, tukibishana kama mlango ukae juu au ubavuni. Yeye anasema ubavuni. Mimi nikasema kwetu matenga yanapangwa ubavu kwa ubavu, ukiuweka ubavuni umewafungia wote. Akafikiri. Akasema kweli, hakuwahi kusafirisha kuku mia. Watu wakaanza kutupiga picha. Nadhani walidhani ni sehemu ya kazi.

Halikununuliwa, kwa hiyo pesa hakuna. Lakini Mama asihuzunike, na ile habari ya "utamaliza lini, umri unakwenda" tuisogeze kidogo. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, alishinda Tuzo ya Turner mwaka 2017, paundi elfu ishirini na tano, na alikabidhiwa Hull, mji wa jirani hapa. Alikuwa na miaka 63. Mpaka mwaka uliotangulia, aliyefikisha 50 hakuruhusiwa hata kushindana. Nina nafasi, Mama.

Maonyesho yanafungwa Ijumaa. Jumatatu nakata mlango, mwalimu na miwani yake yote miwili apende asipende. Shida yangu ni kwamba sikumbuki unavyofungwa, kama kamba inapita chini ya fito ya pili au ya tatu. Mwambieni Baba Mdogo anitumie picha mbili: moja kutoka juu, nyingine aingize simu ndani ya tenga aelekeze mlangoni. Kuku wasitolewe, nataka nione wanavyoutazama. Ila kama gari limeshawasha moto, asilicheleweshe kwa ajili ya sanaa.

Mwanenu.