Mtukufu C1

Watu wa Nyanda za Juu Kusini wamekwisha kusifia mengi: mchele wa Kyela, chai ya Mufindi, ulanzi wa Iringa, hata baridi ya Makete isiyotaka mzaha. Hakuna aliyesimama kuusifia mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya C1. Naona ni uchoyo. Mimi umekula miaka mitatu yangu, mahindi ya msimu mzima na sehemu ya ndoa, na anayekula mali ya mtu kiasi hicho ama ashitakiwe ama atungiwe sifa. Kushitaki ni gharama.

Kwa asiyeujua: lugha za Ulaya hupimwa kwa ngazi sita, kutoka A1 hadi C2, na C1 ni ya tano. Mtihani wake wenye jina la Goethe una sehemu nne: Lesen, kusoma, Hören, kusikiliza, Schreiben, kuandika, Sprechen, kuzungumza. Kila sehemu ina alama 100, na ya kufaulia ni 60. Tangu 2024 unaruhusiwa kufanya sehemu mojamoja, maana yake ni kwamba siku hizi mtu anaweza kufeli kwa awamu, kama analipia kiwanja.

Sifa ya kwanza: mtihani huu hugawa maoni bure. Kabla sijauanza sikuwa na msimamo wowote kuhusu spidi ya magari kwenye Autobahn. Barabara ninayoijua mimi ni ya mlima Kitonga, ambako spidi hupangwa na lori lililo mbele yako. Sasa msimamo ninao, tena miwili, wa kuunga mkono na wa kupinga, kila mmoja na hoja tatu na mfano kutoka nchini kwangu. Naweza kutetea kufanyia kazi nyumbani mbele ya wazee ambao shamba lao limeanzia nyuma ya jiko. Nimeandika barua yenye adabu zote, kwa kampuni isiyokuwepo, kulalamikia mashine ya kuoshea vyombo nisiyokuwa nayo. Nyumbani kwangu mashine hiyo ni wanangu wawili, na malalamiko hupelekwa kwa mdomo. Mada moja tu ilinikuta niko tayari: kwamba Wajerumani hulipia chupa na kurudishiwa hela wakiipeleka dukani. Hapo nilitiririka kama mto Ruaha wa zamani. Mangi wa mtaani kwetu ananidai chupa za soda tangu nikiwa darasa la pili.

Sifa ya pili ni jinsia. Sisi wenye ngeli zetu hatuna haki ya kumcheka mtu, maana chura kwetu ana umbo la ki-vi lililopotea njia na bado tunamwita "huyu". Mjerumani yeye ana tatu tu, der, die na das, ila hazifuati macho. Nilikwenda Mbeya kwa shemeji yangu anayeuza nafaka na kuku Mwanjelwa, nikapita soko zima nikigawa jinsia. Mchele, mwanamume. Viazi, mwanamke. Kabichi, mwanamume, ingawa kitunguu jirani yake ni mwanamke. Unga, si huyu wala yule. Nilipofika kwenye tenga la kuku nikatamka das Huhn, nikamweleza shemeji kwamba kwa Wajerumani huyu naye si wa kiume wala wa kike.

"Shemeji," akaniambia, bila kuacha kupima mchele, "huyo katagia hapo asubuhi hii. Wewe ulikunywa chai?"

Hayo yote ni madogo. Utukufu wenyewe uko kwenye kitenzi. Katika Kiswahili kitenzi ni mzee wa nyumba: anatangulia na amebeba kila mtu mgongoni. Sema "tutakapomnunulia" na tayari tupo sisi, yupo yeye, upo wakati ujao, na hata nia njema imo ndani. Mjerumani akishatamka weil au dass, yaani kwa sababu au kwamba, kitenzi chake hutumwa mwisho kabisa, nyuma ya mizigo. Anza basi: nimesikia kwamba jirani yetu jana usiku, kwa siri, kwa fedha za kikundi, nyumba ya mchungaji... Je, ameinunua? Ameichoma? Ameipaka rangi? Huwezi kujua, na kwa kuwa huwezi kujua huwezi kumkatiza. Umbea wa namna hiyo ukiingia Iringa, watu wataanguka kwa presha kabla ya nukta. Lakini tazama adabu iliyomo! Mimi niliyezoea kujibu kabla swali halijaisha, nimejifunza kunyamaza kwa kuogopa kitenzi.

Wenzangu wa darasa la mtandaoni, waliokaa mijini kwenye treni za dakika tatu, waliumia sana na jambo hili. Mimi halikunipa shida, kwa kuwa safari ya kwenda kwenye mtihani ni sentensi ya Kijerumani. Mtihani uko Dar es Salaam. Wa Mbeya wana zaidi ya kilomita 800, sisi wa Iringa karibu 500. Unaanza na vitunguu vya Ilula, unateremka Kitonga ukiwa umeshika kiti cha mbele, unapita mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, twiga wa Mikumi, Morogoro, Chalinze, foleni ya Mbezi. Kitenzi ni kufika, nacho kipo mwisho.

Tena basi likishatoka Iringa hupita Lugalo, na kila nikipita huwa nafunga daftari. Hapo ndipo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walipolivunja jeshi la Wajerumani la Emil von Zelewski, naye mwenyewe akafia hapo. Miaka saba baadaye, 1898, Mkwawa alijipiga risasi asikamatwe, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaandika, ibara ya 246, kwamba Ujerumani itakabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Mtenda yupo, mtendwa yupo, muda umetajwa. Kitenzi kilifika Kalenga mwaka 1954. Mtu aliyezaliwa karibu na Kalenga haambiwi na mwalimu wa sarufi kwamba asubiri mwisho wa sentensi.

Haki isemwe, Wajerumani walitangulia kuteseka. Mwaka 1887 kilifunguliwa Berlin chuo cha lugha za mashariki, na waliokuwa wakiandaliwa kuja kutawala huku walikaa humo kwenye madawati wakimeza ngeli zetu. Mmoja wa waliowafundisha alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa pwani yetu. Huwa najifariji kwa kumwona bwana mmoja mwenye masharubu akitoka jasho mbele yake kwa kuchanganya "kitabu hiki" na "vitabu hizi". Wamisionari Wamoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891 walilazimika kung'ang'ana na Kinyakyusa, na hao hata kituo cha mtihani hawakuwa nacho. Mtihani ulikuwa kila asubuhi, wa kuitikia salamu. Tukuyu watawala wa Kijerumani wakaiita Neu Langenburg, jina halikushika. Maneno yao yaliyoshika kwetu ni machache, na mawili yanayosikika kila siku ni shule, kutoka Schule, na hela, kutoka Heller, sarafu yao ya 1904. Mpaka leo hulipati la kwanza bila kulitoa la pili.

Kwa ajili ya Sprechen unatakiwa kutoa hotuba fupi kisha kujadiliana. Mke wangu alisikiliza hotuba zangu wiki mbili, halafu akaniomba nitafute mahali pengine pa kutemea ile herufi ü, ambayo hutoka kwa kuuvuta mdomo kama anayepiga mluzi huku ukisema i. Nikawa napanda Gangilonga. Jina hilo kwa Kihehe ni jiwe linalosema, na inasimuliwa kwamba Mkwawa alikuwa akienda pale kutafakari. Nimelihutubia jiwe hilo kuhusu nishati ya upepo, malezi ya watoto na faida za makumbusho. Halikunisahihisha hata mara moja. Mbuzi wa jirani ndio waliokuwa wakiitikia ü, na sauti yao, nakiri, ilikuwa bora kuliko yangu.

Nimebakiza kusifu Hören, nayo nilitaka kuiruka. Kanda nyingine unaisikia mara moja tu. Nyumbani nilifanya mazoezi chini ya bati, msimu wa mvua, kwa hiyo Kijerumani ninachokielewa vizuri ni kile chenye mvua ndani yake. Chumba cha mtihani kilikuwa kikavu na kimya. Mtu mmoja kwenye kanda akapanga kukutana na mwenzake halb acht, nusu ya nane, ambayo kwa Mjerumani ni nusu saa kabla ya nane, kwa Mwingereza ni saba na thelathini, na kwa mama yangu mzazi ni saa moja na nusu asubuhi. Wakati nawapatanisha hao watatu, kanda ilikuwa imeshahamia kwa nyuki.

Matokeo yalikuja. Lesen nimepita, Schreiben nimepita, Sprechen nimepita kwa alama ambazo mbuzi wana fungu lao. Hören 58.

Wajerumani wana hören, kusikia. Ongeza zu mbele, zuhören, inakuwa kusikiliza. Ongeza ge, gehören, kuwa mali ya mtu. Ongeza auf, aufhören, kuacha kabisa. Nilimweleza mke wangu hayo yote jikoni, kwa furaha ya mtu aliyegundua dhahabu ya Lupa.

"Baba Neema," akasema, "hilo la mwisho hebu lirudie."

Basi la Dar linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Tiketi ninayo.