Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Shume, Mamlaka ya Reli ya Mezani

Mheshimiwa,

YAH: KUBOMOLEWA KWA STESHENI YA VOI BILA NOTISI

Somo la hapo juu lahusika.

Mimi ni mwananchi wa kawaida wa nyumba hii: mnunuzi wa chakula chako cha kopo na msafishaji wa sanduku lako la mchanga. Nakuandikia hadharani kwa kuwa malalamiko niliyokuletea kwa siri umeyalalia, mengine kwa maana halisi ya kuyalalia.

Sheria ya hifadhi ya reli naielewa. Nimekulia Afrika Mashariki kabla ya kuhamia huku kandokando ya Chicago, nami nimeona nyumba zilizojengwa karibu na njia zikipigwa X nyekundu, wenyewe wakapewa siku za kuhama, ndipo tingatinga likaja. Wewe X hukupiga wala siku hukutoa. Uliruka tu kutoka sakafuni, ukajilamba mkono mmoja katikati ya njia kuu, kisha ukaikalia stesheni ya reli yangu ya mfano. Lile paa la mabati nililikunja bati moja moja kwa karatasi ya foili. Mama muuza ndizi wa pale jukwaani, urefu wake milimita 18 pamoja na kilemba, ameokotwa chini ya jokofu, kapu likiwa bado kichwani. Fidia hajalipwa.

Najua utajitetea kwa historia, maana ukoo wako una madai ya siku nyingi juu ya njia ya Mombasa na Nairobi ninayoiiga mezani. Mwaka 1898 simba wawili wasio na manyoya shingoni waliwala wajenzi wa daraja la Tsavo hata wengine wakatoroka na kazi ikasimama, mpaka John Henry Patterson alipowapiga risasi mmoja baada ya mwingine mwezi Desemba. Mwaka 1900, pale Kima, ndugu yao mwingine aliingia ndani ya behewa na kumbeba Charles Ryall, ofisa wa polisi aliyekwenda kumvizia yeye. Naona una picha ya mababu hao kichwani kila unapopanda mezani. Basi jikumbushe na mwisho wa wale wawili wa Tsavo. Kwa karibu robo karne walikanyagwa nyumbani kwa Patterson kama mazulia, hadi mwaka 1924 alipowauza kwa Field Museum, hapa hapa Chicago, ambako wamejazwa na wanatazamwa na watoto wa shule. Sikutishi. Natoa taarifa.

Sasa tuje kwenye uzito. Reli yangu ni ya kipimo cha 1:87. Ukikuzwa kwa kipimo hicho hicho, kilo zako 5 zinakuwa tani zipatazo 3,300. Kichwa cha treni cha aina ya 59, lile jitu lililoundwa Manchester miaka ya 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima yetu, kilikuwa na tani 250 hivi. Kwa hiyo ukijilaza juu ya daraja langu la njiti za kiberiti, daraja linabeba vichwa 13 vya treni vilivyopandana, navyo vinakoroma.

Lakini kubomoa si kosa lako kubwa. Daraja hujengwa upya. Kosa lako ni manyoya. Unyoya wako mmoja ukianguka relini huokotwa na gurudumu, ukajizungusha kwenye ekseli, ukapanda taratibu hadi kwenye gia, ukachanganyika na mafuta na kuwa kamba. Kiinjini kinanguruma pasipo kusogea, kinapata moto, harufu inatoka. Hapo ndipo nakaa na kibano na kioo cha kukuzia, Mount Gelai yangu, mfano wa moja ya majitu yale ya aina ya 59, ikiwa imelazwa chali juu ya taulo, nikiuvuta uzi mmoja wa rangi ya chungwa usiokwisha. Mwenzake wa kweli, namba 5918, amekaa salama kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Huko sijasikia kuwa anatolewa manyoya tumboni.

Suala la kokoto nalitaja kwa haraka kwa heshima ya wasomaji. Kokoto za reli si choo cha umma, hata kama zinachimbika vizuri.

Hatua zote zimechukuliwa. Nilitandaza foili ukingoni mwa meza, ukaikunja ukaifanya mpira. Nikabandika utepe unaonata pande zote mbili, ukauruka. Kopo la kupuliza hewa likihisi kitu kinapita linanipuliza mimi. Maganda ya machungwa uliyapisha kwa muda, na mafuta makali ya machungwa sitayatumia, maana yanaweza kumdhuru paka na vita yetu haijafika huko. Hata lile swali la wahenga, nani wa kumfunga paka kengele, nimelijibu: nimekufunga mwenyewe. Matokeo yake treni yetu sasa ina kengele.

Chama cha wenye reli za mfano Marekani, kilichoundwa Milwaukee mwaka 1935, kimetupangia hadi uzito wa behewa: la inchi 6 katika kipimo changu liwe na aunsi 4. Nimetii. Wewe unatii nini?

Kwetu mkubwa aliyeshindikana hafukuzwi. Hupewa ubalozi. Kwa mamlaka niliyobakiwa nayo, nakuteua kuwa Balozi wa nyumba hii Dirishani. Makao yako ni rafu mpya iliyo juu kuliko meza ya reli, kwa sababu nimetambua kuwa hukufuata treni, ulifuata kimo. Ina blanketi na kitanda chenye joto, kwa kuwa handaki la reli ulililalia kwa ajili ya joto la transfoma iliyo chini yake. Inatazama mti wenye ndege. Marupurupu ni boksi tupu la viatu na nusu saa ya kukimbiza kamba kila jioni kabla treni hazijaanza safari, ili zikianza uwe umechoka.

Uteuzi unaanza Jumatatu na haukatiwi rufaa. Siku hiyo hiyo mlango wa chumba cha reli unatiwa kitasa cha kuzungusha, maana kile cha kubonyeza umeshajifunza kukifungua.

Wako mtiifu,
Msimamizi wa Njia

Nakala: Mama watoto, anayekufungulia mlango nikiwa kazini. Naomba aache.