Namna ya Kusikiliza Simu za Taifa Zima na Kubaki Mheshimiwa

Sogea karibu, ndugu yangu, tuongee polepole. Tuseme kesho unaapishwa kuwa rais wa Marekani, na unatamani kujua nani anampigia nani nchi nzima. Katiba inakukataza. Mwaka 1967, katika kesi ya Charles Katz, mcheza kamari aliyenaswa sauti akiwa ndani ya kibanda cha simu Los Angeles, Mahakama ya Juu ilisema kwamba hata pale kibandani maneno ya mtu yanalindwa. Usikate tamaa. Njia ipo, na imeshapitiwa na watu wenye suti safi. Nakufundisha kwa nia moja tu: siku ukimwona mkubwa yeyote anaanza hatua ya kwanza, umshike kabla hajafika ya tatu.

Hatua ya kwanza: tafuta wakili, usitafute wezi.

Hapa ndipo Rais Nixon alipoharibu. Watu wake walikamatwa Juni 1972 ndani ya jengo la Watergate wakiwa na vifaa vya kunasia sauti, na miaka miwili baadaye akafungasha virago. Mwaka 1977 alimwambia mtangazaji David Frost kwamba rais akilifanya jambo, basi jambo hilo si kosa kisheria. Wewe utaliamini hilohilo, ila usiliseme mbele ya kamera. Mpe wakili aliandike.

Chagua kijana msomi anayependa kuitwa Ikulu usiku. Mwambie nchi imevamiwa, na ni kichwa chake tu kinachoweza kuiokoa. Hakuna msomi anayeikataa sifa hiyo. Rais George W. Bush alitia sahihi ruhusa ya kunasa mawasiliano bila kibali cha mahakama tarehe 4 Oktoba 2001. Waraka wa John Yoo wa Idara ya Sheria uliounga mkono kazi hiyo ukafuata Novemba. Umeona mpangilio? Kitendo kwanza, hoja baadaye. Na waraka uufanye siri kabisa. Wanasheria wa NSA, shirika lenyewe lililokuwa likinasa simu, waliomba nakala wakanyimwa. Kosa lililofungiwa kabatini halina wa kulisahihisha.

Hatua ya pili: wakute watu wakiwa na msiba.

Watu karibu 3,000 waliuawa katika mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na uchungu ule ulikuwa wa kweli. Hofu ya kweli ndiyo inayokufaa. Ya kutunga huchuja haraka. Siku 45 baadaye Bush alikuwa ameshatia sahihi Sheria ya Patriot, iliyopanua mamlaka ya upelelezi. Katika Seneti aliyepiga kura ya hapana alikuwa mmoja tu, Russ Feingold wa Wisconsin. Wengine 98 walisema ndiyo, kwa sababu kila mwanasiasa anaogopa kuonekana mwoga kuliko anavyoogopa kukosea.

Kisha nenda kwa kampuni za simu. Usiwaamuru, waombe. Waite wazalendo. Njia hii ni ya zamani: tangu 1945 hadi 1975 kampuni za telegramu ziliipa serikali nakala za ujumbe wa wateja wao, katika mpango ulioitwa SHAMROCK, mpaka kamati ya Seneta Frank Church ilipoufichua. Baada ya 2001 waya zilibadilika, mtindo ukabaki. Fundi wa AT&T, Mark Klein, alisimulia jinsi mawasiliano ya intaneti yalivyogawanywa na kupelekwa chumba namba 641A katika jengo la kampuni hiyo San Francisco. Yeye fundi hakuwa na ufunguo wa chumba hicho.

Hatua ya tatu: jihadhari na sahihi.

Hapa tukae kidogo, maana ndipo mpango wote ulipokaribia kuvunjika. Ruhusa ya Bush ilihitaji kuhuishwa mara kwa mara, na Mwanasheria Mkuu alikuwa akitia sahihi. Machi 2004 ilikuwa inaisha tarehe 11. Mwanasheria Mkuu, John Ashcroft, alikuwa amelazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Aliyekaimu, James Comey, alikataa kusaini kwa sababu wanasheria wa Idara ya Sheria, wakiongozwa na Jack Goldsmith, walikuwa wameona sehemu ya mpango haina msingi wa kisheria.

Jioni ya tarehe 10, wakuu wawili wa Ikulu, Andrew Card na Alberto Gonzales, walikwenda hospitalini na bahasha. Waza: mtu yuko kitandani, ametoka kufanyiwa upasuaji, na wewe unamtafutia kalamu. Comey alipata habari, gari lake likakimbia na king'ora, akapanda ngazi mbio na kuwatangulia. Ashcroft aliinua kichwa, akawaeleza kwa ukali kwa nini mpango una kasoro, kisha akasema Mwanasheria Mkuu kwa sasa si yeye, ni yule aliyekuwa pale. Wakaondoka na bahasha yao. Kesho yake mpango uliendelea kwa sahihi ya Gonzales, wakili wa Ikulu. Ila Comey na mkuu wa FBI, Robert Mueller, walijiandaa kujiuzulu, na Bush akalegeza.

Ashcroft hakuwa mpenzi wa watetezi wa faragha, naye Comey hakuwa mwanaharakati. Walikuwa watu wa ndani, wenye vyeo vya kupoteza. Kwa hiyo, ukitaka kufaulu, usimweke karibu nawe mtu anayeweza kuacha kazi yake. Na wewe raia, watu wa aina hiyo ndio wa kuwaombea na kuwadai serikalini. Wananchi wenyewe walikuja kuisikia habari hii kwa ukamilifu Mei 2007.

Hatua ya nne: pata mahakama yako.

Mahakama ya FISA, inayotoa vibali vya upelelezi wa kijasusi, ilianzishwa kwa sheria ya 1978 ili kumbana rais. Wewe igeuze ngao. Inakaa faraghani na kwa kawaida husikiliza upande mmoja, wa serikali. Hadi 2012 ilikuwa imepokea maombi zaidi ya 30,000. Yaliyokataliwa yalikuwa 11. Mahakama hiyo ndiyo iliyoiamuru Verizon kukabidhi kila siku kumbukumbu za simu za mamilioni ya wateja wake. Edward Snowden, mfichuaji wa siri za NSA, alipoivujisha amri hiyo Juni 2013, Rais Obama aliwahakikishia watu kwamba hakuna anayesikiliza simu zao. Jibu zuri, litumie. Usiwaambie kwamba ukijua mtu kapiga hospitali saa nane usiku, kisha kwa dada yake, kisha kwa wakili, huna haja ya kusikia neno hata moja.

Ukiulizwa na Seneti, kana. Machi 2013 Seneta Ron Wyden alimuuliza James Clapper, mkuu wa ujasusi, kama NSA inakusanya taarifa zozote za mamilioni ya Wamarekani. Akajibu hapana. Hakushtakiwa. Waliobaki ni raia, nao watakusaidia bure: kila mmoja atasema hana cha kuficha, kwa kuwa kila mmoja anajiona mwema mno kushukiwa.

Hatua ya tano: ukikamatwa, halalisha.

New York Times ilikaa na habari ya mpango wa Bush takriban mwaka mzima kwa ombi la Ikulu, ikaichapisha Desemba 2005. Mwaka 2008 Bunge likatunga sheria iliyohalalisha sehemu kubwa ya kazi hiyo na kuzikinga kampuni za simu dhidi ya kesi. Seneta Obama alipiga kura ya ndiyo. Mlango ukishafunguliwa, anayefuata haoni sababu ya kuufunga.

Hatua ya sita ndiyo rahisi kupita zote: wafuate walio nje.

Amri ya Rais namba 12333, ya Reagan mwaka 1981, haidai kibali cha mahakama ili kumnasa mgeni aliye nje ya Marekani. Mei 2014 tovuti ya The Intercept iliripoti, kwa nyaraka za Snowden, kwamba mpango uitwao MYSTIC ulikusanya taarifa za simu za Kenya, Meksiko na Ufilipino. Za Bahama zilirekodiwa hata sauti. Mkazi wa Nakuru hakumpigia kura rais yule, na mahakama za Washington si zake.

Mlango alionao ni wa Nairobi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kifungu cha 51 kinaachia nafasi pale usalama wa taifa unapotajwa. Kisome, kisha mwandikie mbunge wako swali moja, udai jibu la maandishi: nani anayeamua kwamba usalama wa taifa unahitaji simu yangu, na sahihi yake iko wapi?